Nyaya au plastiki angavu: kupanga meno ukiwa Hamugembe

Mkazi wa Hamugembe akiumwa jino, msaada hauko mbali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera iko hapo hapo Bukoba mjini, na kung'oa, kuziba na kusafisha meno ni kazi za kila siku mkoani. Akitaka kuyapanga meno yaliyopandana, mambo hubadilika. Madaktari bingwa wa kupanga meno nchini ni wachache na wengi wao wako Dar es Salaam, kilomita zipatazo 1,400 kwa barabara. Mwanza iko karibu zaidi, kwa meli ya usiku au kwa basi kupitia Biharamulo na Geita, safari iliyopungua adha tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na kungoja kivuko kukaisha. Kampala nayo, kwa kupitia Mutukula, ni kilomita kama 300 tu, na watu wa Bukoba wameizoea siku nyingi.

Naanza na barabara kwa sababu kupanga meno si tiba ya siku moja. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na meno yenye matatizo makubwa huchukua zaidi. Anayemwona daktari kila baada ya wiki sita kwa miaka miwili atakuwa amesafiri mara 17 hivi. Hesabu hiyo inapaswa kutangulia mazungumzo ya sura. Mjadala wa nyaya na plastiki angavu uliotufikia kupitia simu zetu ni wa watu ambao kliniki yao iko mtaa wa pili: kwao, mwenye nyaya anakubali kuonekana ana vyuma mdomoni, na mwenye plastiki analipia kutoonekana. Kwa mtu wa Hamugembe, au wa Muleba ambaye bado ana safari ya kufika Bukoba kwanza, kuna jambo zito zaidi: kifaa kikiharibika Jumanne, nani atakitengeneza Jumatano?

Kabla ya kutofautisha, tuseme kinachofanana. Jino halikuganda kwenye taya. Limeshikiliwa na nyuzi laini zilizo kati ya mzizi na mfupa, na nyuzi hizo ndizo zinazowezesha kazi yote. Ukilisukuma jino kidogo kidogo bila kuacha, upande unaobanwa seli huula mfupa, na upande unaoachwa wazi seli nyingine hujenga mfupa mpya. Mambo yakienda vizuri jino husogea takriban milimita moja kwa mwezi. Mwili haujali kama msukumo umetoka kwenye waya au kwenye plastiki. Nguvu ikizidi, jino haliendi mbio. Huuma, hukwama, na ncha ya mzizi yaweza kuliwa. Kwa hiyo anayekuahidi kupanga meno yaliyobanana vibaya kwa wiki chache anakuahidi kitu ambacho mfupa hauwezi kukitimiza, hata awe na kifaa cha namna gani.

Nyaya zina historia ndefu. Mfaransa Pierre Fauchard alieleza mwaka 1728 ukanda wa chuma uliofungwa kwenye meno kwa nyuzi ili kuyavuta kwenye mstari. Mmarekani Edward Angle ndiye aliyeifanya kazi hii kuwa taaluma kamili, na mwaka 1928 akatoa muundo wa breketi, yaani kishikizo cha waya kwenye jino, chenye mfereji wa pembe nne, ambao hadi leo ndio msingi wa nyaya tunazoziona. Kwa miongo mingi kila jino lilivishwa pete ya chuma, mdomo ukajaa. Kilichowapunguzia watu mzigo huo ni gundi: mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ikipakwa kwenye enameli kwa muda mfupi huacha vitundu vidogo ambavyo resini huving'ang'ania.

Anayefungwa nyaya leo hupitia hatua hiyo hiyo akiwa amefumbua mdomo kwa saa nzima au zaidi. Daktari anasafisha jino na kulikausha, anapaka asidi kwa nusu dakika hivi, anaosha, kisha anapuliza hewa mpaka uso wa jino upoteze mng'ao na kuwa mweupe wa chaki. Hapo anapaka resini, anabandika breketi mahali alipopapima, na kumulika taa ya bluu mpaka gundi igande. Anahamia jino linalofuata. Breketi zote zikishakaa, unapitishwa waya wa kwanza, mwembamba, wa mchanganyiko wa nikeli na titani. Waya huo hukubali kupindwa kufuata meno yalivyokaa ovyo, halafu polepole hurudi kwenye umbo lake na kuyavuta meno pamoja nao. Baada ya miezi kadhaa hubadilishwa kwa nyaya nene zaidi, mwishowe za chuma cha pua, ambazo hazipindi kirahisi na ndizo zinazosimamisha mizizi.

Nguvu kubwa ya nyaya iko hapo: zinafanya kazi usiku na mchana, mgonjwa akumbuke au asikumbuke. Mvulana wa kidato cha pili hahitaji nidhamu ya kipekee ili meno yake yasogee. Anahitaji nidhamu ya kupiga mswaki, nayo si ndogo, maana chakula hunasa kila kona. Akizembea, ukoga hujikusanya kuzunguka breketi, fizi huvimba na kutoka damu, na siku vyuma vinapotolewa hubaki madoa meupe yenye umbo la breketi, dalili kwamba enameli imeanza kuoza. Nimeona meno yaliyonyooka vizuri kabisa yakiwa na madoa hayo, na ni hasara inayouma, kwa kuwa hayafutiki kwa mswaki.

Plastiki angavu, ambazo madaktari huziita alaina, ni za juzi. Wazo la kusogeza meno kwa kifuniko linajulikana tangu miaka ya 1940, Harold Kesling alipoeleza kifaa cha mpira cha kumalizia kazi ya nyaya. Kilichokosekana ni kompyuta. Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliosoma Stanford, walianzisha kampuni ya Align Technology, na bidhaa yao ya Invisalign ikaingia sokoni Marekani mwaka 1999 baada ya kupata kibali mwaka uliotangulia. Meno huchukuliwa vipimo kwa skana au kwa chapa ya silikoni. Mtaalamu huyasogeza kwenye kompyuta hatua kwa hatua, kila hatua huchapishwa kama umbo la meno, na juu ya umbo hilo hugandamizwa karatasi ya plastiki isiyofika unene wa milimita moja. Kila kifuniko husogeza jino robo milimita hivi. Mgonjwa hukivaa kwa wiki moja au mbili, anahamia kinachofuata, na seti nzima yaweza kuwa na vifuniko 20, 30 au zaidi. Hataza nyingi za msingi za kampuni hiyo ziliisha mwaka 2017, na tangu hapo kampuni zimezuka kila pembe ya dunia. Zipo hata kliniki zinazojichapia zenyewe.

Watu wengi hawaambiwi kwamba alaina hazifanyi kazi peke yake juu ya meno matupu. Mara nyingi daktari hubandika kwenye meno vinundu vidogo vya resini yenye rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika. Wakati mwingine husaga ubavu wa jino kidogo kupata nafasi, au hutumia mipira ya kuvuta kati ya taya ya juu na ya chini kama ilivyo kwa nyaya. Hazionekani sana kama vyuma, lakini kusema hazionekani kabisa ni kumpendeza mteja. Na zinataka kuvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Hilo ndilo sharti linaloamua karibu kila kitu kuhusu alaina.

Ushahidi wa kitabibu haujampa yeyote ushindi wa moja kwa moja, ila mwelekeo wake unaeleweka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 uliwalinganisha wagonjwa 48 wa Invisalign na 48 wa nyaya kwa kipimo kinachotumiwa na bodi ya wataalamu wa huko. Walionyooshwa kwa alaina walipoteza wastani wa alama 13 zaidi, hasa katika namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Mwaka 2009 timu ya Neal Kravitz ilipima ni kiasi gani cha mwendo uliopangwa kwenye kompyuta hutokea kweli mdomoni, ikapata asilimia 41. Walipopima tena mwaka 2020, baada ya plastiki kuboreshwa, ilikuwa asilimia 50. Tafsiri yake kwa mgonjwa ni kwamba picha nzuri anayoonyeshwa kwenye skrini ni mpango tu. Nusu ya safari hubaki, na ndiyo sababu daktari mwaminifu humwambia mapema kwamba huenda wakaagiza seti ya pili, hata ya tatu.

Alaina hufanya vizuri kwenye meno yaliyobanana kidogo au yaliyoachana kidogo, na kwenye jino lililolala linalotaka kuinamishwa tu. Huchoka zinapotakiwa kugeuza jino la mviringo kama la chonge au gego dogo, kulishusha jino lililobaki juu, au kuvuta meno kuziba nafasi ya gego lililong'olewa huku mizizi ikibaki wima. Kwa upande mwingine, wavaaji wake hawaumii sana siku za mwanzo wakilinganishwa na wenye nyaya, fizi zao huwa safi zaidi kwa kuwa wanavua na kupiga mswaki, na hakuna waya wa kuchoma shavu usiku wa manane.

Sasa tuyaangalie meno yetu wenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 ulichunguza watoto 1,601 wa shule za Dar es Salaam wenye umri wa miaka 12 hadi 14, ukakuta asilimia 63.8 wana angalau hitilafu moja ya mpangilio. Zilizoongoza ni mstari wa kati wa meno ya juu kutolingana na wa chini, asilimia 22.5, nafasi kati ya meno, asilimia 21.9, na meno ya mbele kutokutana mtu anapouma, asilimia 16.1. Takwimu hizi zisimtishe mzazi. Hitilafu kwenye kipimo cha daktari si lazima iwe ugonjwa. Mwanya kwetu ni urembo, wapo wanaoutamani, na sioni sababu ya mtu kulipa mamilioni auzibe kwa kuwa tangazo limemwambia meno sahihi hayana nafasi. Meno ya mbele yasiyokutana ni jambo jingine: mtoto hashiki vizuri chakula kwa meno ya mbele, matamshi yanaweza kuathirika, na mara nyingi chanzo ni kunyonya kidole ambacho kingeweza kukomeshwa mapema.

Kuna pia jeraha ambalo tumelifanya kwa mikono yetu. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, wapo wazazi katika sehemu nyingi za Tanzania na za nchi jirani wanaoambiwa kwamba ana meno ya plastiki, wengine huyaita meno ya nailoni. Kinachoonyeshwa ni uvimbe wa kawaida wa fizi mahali jino la chonge linapojiandaa kuota. Mganga hulichimba kwa chombo kisicho safi. Wapo watoto waliokufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi, na madaktari wa Tanzania wamekuwa wakionya juu ya uchimbaji huo tangu miaka ya 1980. Anayepona anaweza kuingia ujana bila jino la chonge la kudumu, au likiwa limeota limepinda na lenye kasoro, huku meno ya jirani yameinamia pengo na mstari wa kati umehama. Mdomo wa namna hiyo unahitaji kusogeza mizizi kwa umbali na kwa udhibiti, ama kuziba pengo ama kulitunza kwa jino la bandia. Hiyo ni kazi ya nyaya. Vivyo hivyo kwa meno ya juu na ya chini yaliyotokeza mbele kwa pamoja, hali inayoonekana sana kwa watu wenye asili ya Afrika: anayeamua kuyarudisha nyuma mara nyingi hung'olewa magego madogo manne ili ipatikane nafasi, na kuziba nafasi hizo ndiko alaina zinakochoka.

Nasisitiza hili kwa sababu matangazo ya alaina hulenga mtu mzima mwenye jino moja la mbele lililopinda kidogo. Mtu huyo yupo Bukoba pia, na alaina zinamfaa. Ila kijana mwenye tatizo kubwa, ambaye ndiye anayehitaji tiba zaidi, siye anayetangaziwa.

Halafu kuna chakula. Ndizi iliyopikwa na maharage haimsumbui mwenye nyaya. Samaki naye si tatizo, miiba ikitolewa kwa uangalifu. Hatari iko kwenye vitu vya kuburudisha kinywa. Kahawa ya kutafuna, akamwani, ambayo Mhaya humkaribishia mgeni, ni punje ngumu zilizochemshwa na kukaushwa, na mtu huzitafuna moja moja huku akiongea. Punje moja ikibanwa na gego la chini inatosha kubandua breketi. Muwa wa kumenya kwa meno ni hatari kuliko akamwani. Senene waliokaangwa wakakauka, msimu wao unapofika Novemba, wanaweza kuliwa kwa kutafuna taratibu kwa magego, ingawa vipande vyao hunasa kwenye waya na kutaka mswaki papo hapo. Daktari wa Dar es Salaam atakukataza bisi na barafu. Hatakukumbusha akamwani, maana huenda hajawahi kukaribishwa.

Mwenye alaina atasema yeye anavua, anakula chochote, anarudisha. Ni kweli. Ila atazame siku yake yote. Akiwa na saa mbili tu za kukaa bila plastiki, chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni pamoja na kupiga mswaki kila mara vimezimaliza. Chai ya saa nne dukani imekwisha. Karanga, soda na punje mbili za kahawa mkononi mwa rafiki vimekwisha. Akinywa chai ya moto na plastiki mdomoni, plastiki hulegea na kupoteza umbo, na rangi ya chai hukaa juu yake. Akinywa soda nayo ikiwa mdomoni, sukari hufungiwa kwenye jino kwa saa nyingi. Kwenye harusi au sherehe ya kumuaga bibi harusi, ambako watu hula, hupumzika na kula tena mpaka usiku, atachagua kati ya adabu ya mgeni na ratiba ya meno. Akivua na kukifunga kifuniko kwenye karatasi ya kufutia mikono, mhudumu atakikusanya pamoja na mifupa. Hivi ndivyo alaina nyingi zinavyopotea.

Turudi kwenye umbali, maana hapa pande zote mbili zina hoja nzito. Wauzaji wa alaina husema, na si uongo, kwamba zinamfaa mtu anayeishi mbali. Unapewa vifuniko vya miezi miwili au mitatu, unabadilisha mwenyewe nyumbani, unamtumia daktari picha kwa simu, na safari zinapungua. Hakuna waya wa kukatika wala breketi ya kubanduka. Kwa mtu wa Hamugembe anayesoma maneno hayo, alaina zinaonekana kama zilitengenezwa kwa ajili yake.

Hoja hiyo ilifikishwa ukingoni Marekani na kampuni ya SmileDirectClub, iliyoanzishwa mwaka 2014 huko Nashville. Mteja alijichukulia chapa ya meno nyumbani au kwenye duka lao, akaletewa vifuniko kwa posta, bila daktari kumgusa mdomoni na kwa bei ya chini sana kuliko ya kliniki. Septemba 2023 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na Desemba mwaka huo ikafunga kabisa. Wateja waliokuwa katikati ya tiba walibaki na meno yaliyosogea nusu na hawakuwa na daktari wa kumrudia, kwa kuwa hawakuwahi kuwa naye, huku waliokuwa wakilipa kwa awamu wakiambiwa waendelee kulipa. Nchi ile ina madaktari bingwa wengi, na bado ilikuwa tabu. Kwetu, kliniki ya mbali ikifungwa au daktari akihama, mgonjwa hana mlango wa pili wa kugonga.

Na kuna swali la nani anaweza kuokoa jahazi. Waya ukichomoza na kuchoma shavu, daktari wa meno wa kawaida mjini Bukoba anaweza kuukata au kuusukuma ndani, na mgonjwa anaweza kuufunika kwa nta akingoja. Breketi ikibanduka, anayejua kazi anaweza kuirudisha au kuituliza mpaka safari ijayo. Vifaa vya nyaya vinafanana dunia nzima, kwa hiyo hata daktari mwingine wa Mwanza au Kampala anaweza kuendelea pale mwenzake alipoachia. Kifuniko namba 14 kikipotea, hakuna duka la Bukoba linalokiuza. Kitaagizwa, mara nyingi kutoka nje ya nchi, na wakati kinangojwa mgonjwa atarudi kwenye namba 13 au ataruka kwenda 15, yote kwa ushauri wa daktari. Jino likigoma kufuata plastiki, mgonjwa hataliona mpaka nafasi kati ya jino na kifuniko iwe kubwa, na hapo seti yote iliyobaki haifai tena. Vipimo vinaanza upya. Hivyo alaina hupunguza safari mambo yakienda sawa, na huzirefusha yakiharibika. Nyaya hudai safari tangu mwanzo, lakini kuharibika kwake kunatengenezeka karibu na nyumbani.

Gharama nitaigusa kwa ufupi. Vyote viwili ni vya mamilioni ya shilingi, alaina kwa kawaida zikizidi kwa kuwa zinatengenezwa kiwandani na kuagizwa kwa fedha za kigeni. Kwenye bei ya kliniki jumlisha nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea mara idadi ya safari. Mara nyingi mzazi akishafanya hesabu hiyo anakuta tofauti ya bei kati ya vifaa viwili ni ndogo kuliko alivyodhani. Bima nyingi huiweka tiba hii kwenye kundi la urembo na kuikataa. Omba jibu la bima yako kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Gharama ndiyo inayowasukuma vijana kwenye vyuma vya urembo, vinavyobandikwa na mtu asiye daktari au kununuliwa mitandaoni. Thailand ilivipiga marufuku mwaka 2009 baada ya kuleta madhara makubwa. Gundi isiyo ya meno huharibu enameli, na waya uliofungwa bila mpango husogeza jino kusikotakiwa. Vibaya zaidi ni mpira mdogo unaovishwa meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya. Mpira huo huteleza na kupanda kuelekea kwenye mzizi chini ya fizi, hula mfupa kimya kimya, na meno mazima hung'oka. Hakuna uzuri unaostahili hasara hiyo. Anayetaka kujua kama anayemshika mdomo ni daktari kweli aulize usajili wake kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni haki yake, na daktari wa kweli hakasiriki.

Kwa watoto ipo njia ya tatu isiyotangazwa, pleti ya plastiki yenye vijiwaya, ya kuvaa na kuvua, inayoweza kulisukuma jino moja lililoingia ndani au kutunza nafasi ya jino la utoto lililong'oka mapema. Si ya kazi kubwa, lakini ni nafuu na daktari wa meno wa kawaida aliyefunzwa anaweza kuitengeneza. Wataalamu wa Marekani hupendekeza mtoto atazamwe mpangilio wa meno akiwa na miaka 7 hivi, wakati meno ya kudumu yameanza kuchanganyika na ya utoto. Kwa mzazi wa Kagera jambo la maana zaidi ni kuziba magego ya utoto yaliyotoboka badala ya kuyang'oa, kwani gego la utoto likiondoka kabla ya wakati, la nyuma husogea mbele na la kudumu hukosa pa kuota. Nyaya nyingi za miaka 13 zingeweza kuepukwa, au kupunguzwa muda, kwa kuziba jino la miaka 6.

Iwe nyaya, iwe alaina, tiba haimaliziki siku kifaa kinapotolewa. Meno hutaka kurudi yalikotoka. Riteina, waya mwembamba uliobandikwa nyuma ya meno au kifuniko cha kuvaa usiku, huvaliwa kwa miaka, na wataalamu wengi sasa husema maisha yote. Asiyeweza kumudu riteina na kuibadilisha ikichakaa hajamudu tiba bado.

Basi hukumu yangu ni hii. Kijana wa Hamugembe au Muleba mwenye meno yaliyobanana sana, yaliyotokeza, yasiyokutana au yenye pengo la jino la chonge afunge nyaya, kwa daktari bingwa aliyekubali kumwona mpaka mwisho na aliyekwisha kuwasiliana na daktari wa meno wa Bukoba atakayeshughulikia dharura. Mtu mzima mwenye kasoro ndogo, anayesafiri kikazi kwenda Mwanza, Dar es Salaam au Kampala kila baada ya miezi miwili, asiyetafuna wala kunywa ovyo mchana, achague alaina na asione haya. Mwenye fizi zinazotoka damu au meno yaliyotoboka asianze chochote mpaka vitibiwe, kwa sababu kusogeza jino ndani ya fizi mbovu ni kuliandaa ling'oke. Na yeyote asiyejua atasafirije mara 17 asilipe malipo ya awali.

Mwaka 2024 serikali ilianza kupeleka madaktari wanaoitwa madaktari bingwa wa Rais Samia kwenye hospitali za wilaya, kwa siku chache kila kambi, na watu wengi wametibiwa bila kuhama mkoa. Kupanga meno hakutibiki kwa kambi ya siku chache. Kunahitaji daktari yule yule arudi kila baada ya wiki sita, chumba kile kile, faili lile lile. Viongozi wa afya wa mkoa na Wizara wangemwezesha bingwa mmoja kuja Bukoba kwa ratiba hiyo, akihudumia watoto wa Hamugembe, Kashai, Kamachumu na Misenyi kwa siku mbili kila mara, safari 17 za kila familia zingekuwa safari 17 za daktari mmoja. Ombi hilo lipelekwe kwenye vikao vya kata na kwa madiwani, wazazi wakiwa na orodha ya watoto wao mkononi.